Injini ya ioni: nani kasema ni ya wenzetu tu?

Kuna sentensi moja inaniudhi kuliko zote pale chuoni: "Chagua kitu cha mazingira yetu." Mimi nimeambiwa hivyo na mkubwa mmoja nilipopeleka wazo la mradi wa mwaka wa mwisho, kijimfano cha injini ya ioni, ile inayosukuma vyombo vya anga kwa umeme. Hesabu zangu hazikukosolewa, mchoro haukufunguliwa hata ukurasa wa pili. Mazingira tu, basi. Na washkaji wakadakia: mtoto wa mwisho wa reli na mambo ya angani wapi na wapi?

Leo nabisha. Lakini nabisha kwa hoja, sio kwa jazba.

Kwanza tujue tunabishania nini. Roketi ya kawaida inachoma mafuta, inaunguruma dakika chache, imekwisha. Injini ya ioni haichomi kitu. Unachukua gesi kama zenoni, unaipokonya elektroni, chembe zinabaki na chaji chanya. Hizo ndizo ioni. Mbele yake unaweka nyavu za chuma zenye umeme wa zaidi ya volti 1,000. Ioni zinavutwa na kuchomoka kwa kasi ya kilometa kama 30 kwa sekunde. Yaani Kigoma mjini hadi Ujiji, kwenda na kurudi, kabla hujamaliza kutamka "moja". Zenyewe zinaenda nyuma, chombo kinaenda mbele. Elektroni nazo zinamwagwa nje kwenye mkondo uleule, chombo kisije kikajaa chaji.

Nguvu yake sasa, utacheka. Injini ya chombo cha Kimarekani Deep Space 1, kilichorushwa 1998, ilisukuma kwa nguvu isiyofika uzito wa karatasi mbili za A4. Ila ilisukuma kwa zaidi ya saa 16,000! Chombo kingine, Dawn, cha mwaka 2007, kilihitaji siku 4 kutoka sifuri hadi kilometa 96 kwa saa. Basi la Kasulu lingekiacha mbali. Lakini mwaka 2011 kikafika Vesta, kikaondoka, na 2015 kikaingia kuzunguka Ceres. Hakuna chombo kilichowahi kuzunguka magimba mawili ya mbali namna hiyo kabla yake. Haba na haba hujaza kibaba. Msemo ni wetu, wenzetu wameujengea injini.

"Umeme utatoa wapi, Kigoma hii tuliyokulia kwenye majenereta ya dizeli?" Injini ile ya Deep Space 1 ilikula kilowati 2.3 ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Ni birika la umeme. Zile ndogo za setilaiti za siku hizi hazifiki wati 100, sawa na balbu ya zamani.

Haya, tuje kwenye hayo mazingira yetu.

Mwaka 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco pale Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, Desemba 12. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, jukwaa la Waitaliano. Sisi tulitoa jina na bahari. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Shaba, Mobutu aliwakodishia Wajerumani wa OTRAG eneo kubwa la kujaribia roketi. Wakarusha 1977 na 1978, mwaka 1979 wakatimuliwa. Wenyeji walibaki na nini? Kiwanja.

Siku hizi tumesogea, lazima tukubali. Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Waitaliano kilitengeneza kisetilaiti cha sentimeta 10 kila upande, 1KUNS-PF, kikaachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018. Uganda nao, vijana wao watatu waliosomea Japani walitengeneza PearlAfricaSat-1, ikaachiwa Desemba 2022 kutoka kituo hichohicho. Nawavulia kofia. Lakini kituo kile kiko kilometa kama 400 juu, na pale bado kuna hewa kidogo. Kisanduku kisicho na injini kinavutwa taratibu, na baada ya mwaka mmoja au miwili hivi kinashuka na kuungua. Cha Nairobi kiliishia 2020. Hapo ndo injini ya ioni inapokuwa suala la mazingira yetu kabisa: ndiyo ingekibakiza kule juu kikiendelea na kazi.

Na kazi ipo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kibirizi yote iliguswa, kuanzia mvuvi hadi mama anayeanika dagaa. Tunapotaka kujua joto la maji, upepo au ziwa limepanda kiasi gani, picha tunazozitegemea ni za setilaiti za wengine. Serikali yetu ilitangaza 2023 kwamba inajiandaa kuwa na setilaiti ya taifa. Vizuri sana. Nani ataiendesha, na ikipoteza njia tutampigia nani simu?

Mtasema hela. Kweli zenoni ni ghali na inataka tanki la mgandamizo mkubwa. Sasa sikilizeni hii. Ane Aanesland na Dmytro Rafalskyi walitoka kwenye maabara ya chuo pale Ufaransa, wakaanzisha ThrustMe mwaka 2017, wakaweka iodini badala ya zenoni. Iodini ni yabisi, haihitaji tanki zito, na bei yake ni ya chini. Injini yao ilipaa Novemba 2020 kwenye setilaiti ya Kichina ya kilo kama 20, ikaipandisha zaidi ya kilometa 3. Mwaka uliofuata matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature. Na iodini si ndiyo yale madini joto yanayochanganywa kwenye chumvi, hata ya Uvinza hapo jirani, tusipate goita? Tunaila kila siku, halafu tunaambiwa haituhusu.

Sisemi tutafika Ceres na boom letu. Naomba vitu vitatu tu. Chemba moja ya ombwe na pampu yake, itumiwe na fizikia na uhandisi kwa pamoja. Mwalimu mmoja akubali kusimamia. Na wazo la mwanafunzi likikataliwa, aandikiwe kosa liko wapi ili akalirekebishe. Hilo la tatu halihitaji hata senti.

Anayebisha aje na namba, nitamjibu. Anayetaka kujiunga tutafutane semesta ikifunguliwa, fizikia, umeme, kemia, wote karibuni. Kwa leo naishia hapa.