Najisi ni Nani?

Katika lugha hii tunayojivunia kwa ufasaha wake, mtoto akiingiliwa kwa nguvu husemwa kuwa amenajisiwa. Magazeti huandika hivyo, wakalimani mahakamani hutamka hivyo, na sisi watunzi, tupimao kila silabi kwa mizani, twalipokea neno hilo bila ya kulihoji.

Kila aliyepita chuoni anajua najisi ni nini. Ni uchafu unaoshika nguo au mwili, nao una hukumu zake za kuoshwa. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kwamba mtu hugeuka najisi kwa dhambi aliyotendewa na mwingine. Lakini neno lishamkaa mtoto yule, na aliyetenda hatajwi. Amenajisiwa, ameharibiwa, amevunjiwa heshima: kauli za kutendwa zote, na sarufi imemsitiri mkosaji.

Msomaji atasema haya ni mabishano ya maneno tu. Laiti yangekuwa hivyo! Aambiwaye kuwa ni mchafu, jambo la kwanza hukimbilia kuoga. Mama mtu naye, kwa mapenzi na kwa haya, humtilia maji, akazifua nguo, na ushahidi ukaenda na povu la sabuni. Kisha wazee hukaa kikao, jina la ukoo lisipakwe matope. Dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi hazingoji vikao. Zisipoanzwa ndani ya saa 72, hazifai tena.

Ajuza mmoja wa mtaani kwetu hakuwa akitandika msala wake karibu na wenzake. Tulimdhania ana kiburi. Baada ya miaka mingi ndipo alipomwambia dada yangu: utotoni aliambiwa amenajisika, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa yu tohara.

Na sisi washairi? Kila baya litokeapo, twatunga nasaha: binti jisitiri, binti usitoke magharibi. Nimezisikia nyingi, nyingine zina vina vitamu sana. Sijasikia hata moja iliyoanza kwa kumwita kijana wa kiume. Na yule aliyevaa buibui lake, na mwana wa kiume aliyeingiliwa, na kitoto cha miaka sita, nasaha hizo zawaambia nini?

Sheria, tunayoiita kavu, imetutangulia. Hadi mwaka 2006 kosa la kubaka nchini Kenya liliwekwa katika sura ya makosa dhidi ya maadili, kana kwamba walioumia ni maadili. Mwaka huo ikapitishwa Sheria ya Makosa ya Kingono, ikabana maswali juu ya maisha ya nyuma ya mlalamikaji. Hata hivyo ilizaliwa na kidonda: kifungu cha 38 kilimtishia atoaye shutuma za uongo kwa adhabu ile ile ya kosa lenyewe. Kilifutwa mwaka 2012. Kwa miaka sita, aliyeumizwa ilimbidi kwanza apime kama ataaminiwa, ndipo afumbue kinywa. (Neno la Kiingereza tunalolitafsiri kwa unajisi nalo lina uchafu ndani yake, hatukulizua peke yetu.)

Kitenzi kubaka tunacho, nacho humdai mtenda: fulani kambaka fulani. Kina silabi chache, hakisumbui mizani. Atakayetunga juu ya msiba huu na aanze na fulani wa kwanza.