Kuwatembeza watoto kwa mfuko mdogo



Familia ya Butembo au Beni inayotaka kuwapeleka watoto kwenye bustani ya bembea na michezo wakati wa vakansi huwazia Kampala, kupitia mpaka wa Kasindi na Mpondwe. Kinachokula pesa si tiketi ya mlangoni bali njia: nauli ya kila mtoto, kwenda na kurudi, pamoja na kulala.

Mwenye pesa kidogo aanze na Kasese, mji wa Uganda ulio karibu zaidi na mpaka. Karibu na hapo iko Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa 1952. Alama ya ikweta imesimama kando ya barabara, na kwenye mfereji wa Kazinga viboko huonekana kutoka mashuani. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo bei ya kuingia hifadhini kwa raia wa Jumuiya iulizwe kabla ya kulipa ya wageni.

Karatasi za watoto zitafutwe mapema. Shilingi za Uganda zinunuliwe baada ya kuuliza wabadilishaji wawili watatu. Wali na maharage ya kula njiani vipikwe nyumbani, vifungwe vikiwa moto.

Barabara ya Beni–Kasindi imeshambuliwa mara nyingi. Isipitwe usiku hata kama nauli ni nafuu, na habari za njia zikiwa mbaya, safari iahirishwe.

Msomaji, Butembo