Eti Watanzania hatutalii? Njooni Ujiji na ukoo mzima

Wadau, kuna usemi mmoja umenichosha: "Watanzania hatuna utamaduni wa kutalii." Wakubwa wanausema kwenye makongamano, sisi waandishi tunaubeba kama ulivyo na kesho yake uko gazetini. Hakuna anayeuliza.

Mimi nasema ni uongo. Nendeni stesheni ya Kigoma, pale reli ya Wajerumani ilipofika mwaka 1914, mkae mtazame treni ya kutoka Dar inavyoshusha watu. Utaona bibi, shangazi wawili, mjomba na mkewe, watoto wasiohesabika, mabegi na ndoo. Wamekuja harusi, au arobaini, au Idi. Watakaa wiki mbili, watakula, watanunua dagaa, migebuka na mawese ya kurudi nayo. Kama huo si utalii, nielezeni ni nini. Tofauti yao na Mzungu ni kwamba wao hawaji wawili wawili na Land Cruiser.

Sasa chukua kundi hilo ulipeleke Ujiji. Kutoka Kigoma mjini ni kama kilomita nane tu, si safari! Lakini teksi inabeba wanne na bajaji watatu. Bodaboda sizungumzii, labda kama unataka kumpandisha bibi wa miaka sabini na kitu mishikaki. Daladala zipo na bei yake ni ya mwananchi, ila jaribu kuingiza watu kumi na watatu kwenye Hiace ambayo tayari imejaa. Idi iliyopita nilijaribu. Nikamfuata dereva mmoja nikamuomba tumkodi kwa nusu siku. Akanijibu, "Kukodi ni bei ya harusi, bwana mdogo." Basi tukagawanyika makundi matatu. Shangazi na watoto wanne wakateremshwa Mwanga, konda akidai gari linageuza hapo hapo. Waliotangulia wakakaa juani karibu saa nzima.

Na ukifika? Unaonyeshwa mnara, miembe inayosemwa ni wajukuu wa ule mwembe wa zamani, na sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana mwaka 1871. Wazungu wawili wamekutana, mmoja kavua kofia. Hadithi imeisha, karibuni tena.

Bibi yangu akauliza swali moja tu: "Na waliobeba mizigo yao walilala wapi?"

Jamani, hapo ndipo penye historia yenyewe! Stanley hakuja peke yake. Msafara wake kutoka Bagamoyo uliondoka kwa mafungu, jumla watu karibu mia mbili, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye Ujiji alishaifika mwaka 1858 akiwa na Burton na Speke. Livingstone alipofariki mwaka 1873, waliobeba maiti yake hadi pwani ni akina Chuma na Susi na wenzao. Mji huu ulipokea misafara ya watu wengi kwa miaka na miaka, ukaitafutia chakula, mahali pa kulala na mitumbwi ya kuvukia ng'ambo, upande wa Kongo. Sisemi zilikuwa enzi nzuri, maana wengi walipita hapa wakiwa kwenye minyororo. Nasema mji uliozoea misafara ya mamia leo unashindwa na familia ya watu kumi na watatu.

Tangu mwaka 2006 njia hiyo ya watumwa na pembe za ndovu, Bagamoyo hadi Ujiji, iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania kule UNESCO. Orodha hiyo haijampa bibi yangu kiti cha daladala.

Watasema bajeti hakuna. Bajeti ya nini? Hiace moja, Jumamosi na sikukuu, kutoka stesheni kupitia Mwanga hadi Ujiji, nauli imeandikwa kwenye kioo. Mzee mmoja wa mji alipwe kutembea na wageni, kwa Kiswahili, aeleze habari za wapagazi, watumwa na Wamanyema, siyo za wale wawili tu. Kisha watu washuke kwa miguu hadi ufukweni, ambako mafundi wanaunda maboti ya mbao kwa mikono yao. Hapo hakuna kiingilio, na watoto wetu walikaa kuliko walivyokaa kwenye sanamu. Fundi mmoja aliwapa misumari mibovu wachezee, mpaka leo wanayo.

Ya Gombe nitaandika siku nyingine. Kule hakuna barabara, ni boti tu, na bibi ameshasema boti hapandi.