Chipsi za ng'ambo ya barabara

JICHO LA MTAA
Na Mjomba Mkongojo

Jumamosi nilikuwa Tabata kwa dada yangu. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa amejilaza kwenye kochi tangu asubuhi, simu kifuani, chaja ukutani. Njaa ilipombana akabonyezabonyeza, akaendelea kulala. Punde honi ikalia getini: bodaboda kaleta chipsi mayai.

Nikatoka kulipa mimi, maana mjomba ndiye benki. Nikamuuliza dereva katokea wapi. Akacheka, akanionyesha kibanda ng'ambo ya barabara. Harufu ya yale mafuta ilikuwa inatufikia pale pale getini! Na nauli nikalipa.

"Kwani shida iko wapi, anko?" kijana akaniuliza bila kuinua macho. Alikuwa anatazama video ya jamaa anapiga pushapu. Haki ya Mungu. Huku mwenyewe, na udogo wote ule, ana kitambi cha diwani.

Msinieleze habari za kurithi. Hapa ukoo mzima ni vimbaombao, mimi wa kwanza. Mchawi ni simu. Ukiishika umekaa, mkono wa pili unatafuta cha kutafuna, na usiku hulali kwa sababu bando lazima liishe kabla ya alfajiri. Zamani hata umeme ulitutembeza: luku ikikata, unavaa ndala unaifuata. Siku hizi luku, maji, king'amuzi na michango ya harusi tunalipia chali.

Shemeji yangu wa Mbagala naye kajiunga na jogingi. Kila Jumapili anatutumia picha kwenye grupu. Mbio hatujaziona bado. Tunaona bakuli la supu na chapati mbili.

Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2020: mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za kuuchosha mwili kwelikweli. Nikamsomea mpwa wangu. Akaniuliza kama kuna programu ya kuzihesabu.

Basi nimeshamwambia dada: bando la kurushiwa kwenye simu, kwangu limekwisha. Kijana atapewa hela mkononi, aifuate vocha ya kukwangua dukani kwa Mpemba, kule mwisho wa lami, kwa miguu yake. Dada anasema nina roho mbaya. Ninayo.