Cheti Changu na Hela ya Kiwanja

Mwezi huu simsemi mtu, najisema mwenyewe.

Kazi yangu ya mchana ni kompyuta. Miaka minne nimekaa dawati la msaada: printa ikigoma, naitwa, mtu wa uhasibu akisahau neno la siri, naitwa. Wenzangu wanachukuliwa kwenye miradi ya kutengeneza programu, mimi nabaki na nyaya. Rafiki yangu akanishtua: "Shoga, katafute cheti cha Scrum."

Kwa msiojua, Scrum ni utaratibu wa kuendesha mradi kwa vipande vifupi. Badala ya timu kujifungia mwaka mzima halafu mteja aikatae kazi, inafanya kipande kisichozidi mwezi mmoja, kinaitwa sprinti, inakionyesha, inasikiliza, inarekebisha. Kila siku wanakutana kwa dakika 15. Sprinti ikiisha wanakaa kuulizana wamekosea wapi. Mwongozo wake, uliotungwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, haufiki kurasa 20 na unapatikana bure.

Nikachagua cheti cha kuanzia cha Scrum.org, kinaitwa PSM I. Hulazimiki kusoma kozi, na ukikipata hakiishi muda wake. Mtihani unaufanyia kwenye intaneti: maswali 80, dakika 60, na kufaulu ni asilimia 85. Ada dola 200, kama laki tano za kwetu.

Laki tano sikuwa nayo. Iliyokuwepo ni ya kiwanja, ambayo mimi na Baba Neema tunaiweka pamoja. Nikachota kimyakimya, nikajiambia nitairudisha kabla hajajua. Usiku akilala, mimi najifungia sebuleni na simu. Akiuliza, nasema kazi za ofisi.

Nikafanya mtihani. Asilimia 81. Jamani, nilichoka! Nilidhani kitabu kidogo, mtihani mdogo. Kumbe ukijibu kwa mazoea ya ofisini kwenu, umekwisha. Na kurudia lazima ulipe upya.

Wiki hiyohiyo Baba Neema akataka kulipa awamu ya kiwanja. Akaona pengo. Hakupiga kelele, na hicho ndicho kilichoniumiza. Aliuliza tu, "Mama Neema, ungefaulu ungeniambia?"

Sikuwa na jibu. Mwenzangu alikuwa ameshawaza mengine kabisa. Mke anajifungia na simu usiku, hela haionekani: wewe ungewaza nini?

Tulikaa mpaka saa nane za usiku, nikamweleza yote. Wanasema nguzo za Scrum ni tatu: uwazi, ukaguzi na marekebisho. Nilizikariri zote kwa ajili ya mtihani, lakini nyumbani kwangu ile ya kwanza ilinishinda.

Tukakubaliana kiwanja kilipwe kwanza. Mimi nikadunduliza ada kutoka kwenye mshahara wangu, miezi mitatu. Safari hii Baba Neema ndiye aliyenishikia saa na kuniuliza maswali, mtoto amemlalia mapajani. Nikarudia yale majaribio ya bure ya Scrum.org mpaka nikawa sikosi hata swali moja. Nikarudi kwenye mtihani, nikapata asilimia 94. Aliyeruka kwa furaha ni yeye!

Nisikudanganye, cheti hakikunipandisha cheo kesho yake. Mshahara ni uleule. Nilichopata ni nafasi kwenye mradi mmoja mdogo, na bosi ameanza kuniuliza maoni yangu kwenye kikao. Cheti kimenifungulia mlango, kutembea ni juu yangu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujiendeleza, soma, usiogope. Cheti kitakuwa na jina lako peke yako, ila hela na usiku unaovitumia ni vya watu wawili. Mwambie mwenzio kabla hujalipa, siyo ukishafaulu.

Siku hizi kila Jumapili usiku tunakaa dakika 15 na daftari la hela, kila mtu anasema ametumia nini. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya Baba Neema kukiri. Hiyo nitawasimulia siku nyingine, akiniruhusu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.