Kinyume ni Kiswahili pia

Wazazi wenzangu,

Juzi mzazi mmoja aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, kompyuta mwanangu anaiona shuleni wiki nzima. Hapa nimemleta ajifunze Kiswahili. Mbona mnaandika programu?" Swali ni la haki, na nalijibu mbele ya wote.

Sisi tuliokulia Unguja tulizungumza kinyume. Unachukua silabi ya mwisho ya neno, unaiweka mwanzo. Maji yanakuwa jima, chakula kinakuwa lachaku, nyumba inakuwa mbanyu. Tulidhani wakubwa hawatuelewi, kumbe walikijua kabla yetu. Hii ni njia ya zamani ya kuficha maneno: hubadilishi herufi hata moja, unazihamisha nafasi tu. Darasa la wakubwa sasa wanaifundisha kompyuta kinyume kwa lugha ya Python.

Mara ya kwanza kompyuta ilihamisha herufi moja ya mwisho. Nyumba ikawa anyumb. Walicheka sana. Wakaiambia ikate neno kila baada ya irabu, kisha ipeleke kipande cha mwisho mbele. Mbanyu ikatoka. Hata chai ikawa icha.

Kisha mmoja akaandika "mtu". Kompyuta ikajibu "mtu". Akaandika "nchi", ikarudi "nchi" vilevile. Siri imefichuka! Wakatafuta kosa kwenye programu, wasilione. Nikawaambia waache kibodi, wapige makofi. M-tu, makofi mawili. N-chi, mawili. M-bu, mawili. Na mbuzi je? Mbu-zi, mawili tu. M ya mbuzi haina kofi lake. Hapo mtoto ambaye kila siku hunijibu kwa Kiingereza akapaza sauti kwa Kiswahili: "M ya mtu inasimama peke yake!"

Wazazi, silabi nimeziandika ubaoni mwaka mzima, wakapiga miayo. Mimi ni nesi, na kazini nimeona kwamba mgonjwa humeza dawa kwa moyo akijua inamsaidia nini. Watoto hawa walizihitaji silabi ndipo wakazishika. Kompyuta inaona herufi, haisikii. Ilibidi wao wasikie kwa niaba yake, na sikio hilo ndilo tunaloogopa kulipoteza huku ugenini.

Nakubali kwamba tukiachia, kipindi chote kitakwenda kwenye kioo na mazungumzo yatakuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo naona tukiendeleze kwa masharti mawili. Kisizidi nusu saa, kusoma na insha vibaki palepale. Na kila kitu kiwe kwa Kiswahili, hata majina ndani ya programu: neno, silabi, mwisho. Python inayakubali bila shida.

Nanyi watoto, msifiche neno la siri la akaunti zenu kwa kinyume. Hata bibi atalifumbua kabla chai haijapoa.

Wiki hii naomba kila mtoto aandike kikaratasi cha kinyume, akibandike kwenye friji. Mzazi, usikipite. Mjibu kwa kinyume, hata ukikosea. Kama wewe ulikulia bara na hukukijua, mwanao atakufundisha, na atakufundisha kwa Kiswahili.

Nteasa nasa.