Shangazi kazima swichi, kijana nusura apoteze kazi!

Mimi mwenzio wiki hii nimeshuhudia kijana wa watu akiponea chupuchupu kufukuzwa kazi kwa kosa la betri. Ndiyo, betri! Tena yenyewe ndogo kama sarafu. Kaa mkao wa kula nikupe mkanda mzima.

Nina shangazi yangu ana duka la steshenari huku kwetu uswahilini. Anatoa kopi, anachapa barua za kuombea kazi, anauza kalamu na madaftari. Pale dukani ana kompyuta moja ya mezani, kuukuu, aliinunua mtumba. Anayeikalia ni kijana mmoja mpole, kaishia kidato cha nne kama mimi. Kila anachouza anakiingiza kwenye programu ya mauzo. Jioni shangazi anakuja, anaandika tarehe ya siku hiyo, anafungua ripoti, anahesabu pesa za kwenye droo. Zikilingana wanafunga duka, kila mtu na njia yake.

Sasa siku moja shangazi kwenye daladala akasikia watu wanasema kompyuta hata ukiizima bado inanyonya umeme. Si unamjua mtu anayenunua uniti za LUKU kwa jasho lake? Jioni ile ile akaanza mtindo mpya. Kijana akishazima mashine, shangazi anakwenda mwenyewe mpaka ukutani na kuzima swichi. Tap! Roho yake kwatu.

Kesho yake jioni anafungua ripoti, anakuta sifuri. Hakuna mauzo hata ya kalamu moja! Anafungua droo, anakuta elfu arobaini na kitu. Hapo ndipo mchecheto ulipoanza. Alijiuliza, kama huyu kafuta mauzo yote, nitajuaje kama zilizoingia ni arobaini au sitini?

Mtu wa Pwani yule, hakusema neno. Alinyamaza siku tisa akimvizia, kila jioni anaandika kwenye daftari lake pesa alizozikuta, na kila jioni ripoti inamwambia sifuri. Siku ya kumi akaniita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, nimefuga nyoka ndani ya nyumba. Kesho namtoa."

Nikamwambia, shangazi subiri kwanza, tumwite fundi. Nina fundi mmoja Kariakoo, mshikaji wangu, mtu wa maneno machache. Alipofika akamwambia kijana awashe mashine kama anavyowasha kila asubuhi. Kijana akawasha, mkono unamtetemeka. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno ya Kizungu, na chini imeandikwa bonyeza F1. Kijana akabonyeza haraka haraka kama mtu anayeficha kitu.

"Hii inakuja kila siku?" fundi akauliza.

"Kila siku, kaka."

Fundi akaangalia pembeni ya kioo, kule chini kwenye saa, akacheka. Msomaji wangu, ilikuwa imeandikwa tarehe 1 Januari 2009, saa sita na dakika mbili usiku! Nje jua linawaka, ndani ya mashine ni mkesha wa Mwaka Mpya.

Basi fundi akachomoa waya, akafungua kava kwa bisibisi, akatuonyesha madabodi, yaani ule ubao mkubwa unaobeba vitu vyote. Pale kuna betri ya duara, inaitwa CR2032. Upana wake milimita 20, unene milimita 3.2, nguvu yake volti 3. Akaipima, imekufa zamani.

Kumbe, ndugu yangu, kompyuta ukiizima na hata ukiichomoa kabisa ukutani, kuna kazi moja haiachi. Inahesabu saa! Kuna kipande kidogo cha kioo kama jiwe kinachotikisika mara 32,768 kila sekunde, na saa ya ndani inazihesabu hizo mara ili ijue sekunde imepita. Kazi hiyo inataka umeme kiduchu mno, ndiyo maana kibetri kile kinaweza kuiendesha kwa miaka. Kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa nacho, kila ukiiwasha ilikuuliza leo tarehe ngapi. Saa yenye betri waliiweka kwenye toleo la PC/AT la mwaka 1984, na toka hapo watu wakasahau kabisa kwamba mashine inahitaji kuambiwa siku.

Nikauliza, sasa kama betri ilikufa zamani, mbona matatizo yameanza juzi?

Fundi akasema hapo ndipo penye utamu. Kile kitufe cha mbele unachobonyeza kuzima si swichi ya kukata umeme. Zamani kilikuwa kinakata kweli, lakini tangu Intel walipoleta mtindo wa ATX mwaka 1995, kitufe kinapeleka ombi tu. Mashine inajizima, lakini pawasaplai inaendelea kutoa volti 5 za kusubiria, ili ukibonyeza tena iweze kukusikia. Ndiyo maana utaona taa ndogo inawaka nyuma pale penye waya wa mtandao, mashine imezimwa. Nyingine zinaweza hata kuamshwa kwa waya huo na kompyuta ya pili, bila mtu kugusa kitufe.

Umeme huo wa kusubiria ndio uliokuwa unailisha saa ya shangazi usiku kucha, betri ikiwa maiti pembeni. Siku alipoanza kuzima swichi ya ukutani, akakata na chakula cha saa. Asubuhi mashine inaamka haijui chochote, inarudi tarehe aliyoiweka aliyeitengeneza. Kila kukicha, Mwaka Mpya wa 2009!

"Na mauzo je?" shangazi akadakia.

Fundi akarudisha kava, akawasha, akaandika kwenye ripoti tarehe 1 Januari 2009. Loo! Yote yakamwagika. Kopi, kalamu, barua, siku tisa nzima zimerundikana kwenye siku moja, eti zote zimeuzwa kati ya usiku wa manane na asubuhi. Hayakupotea kwa sababu mauzo yanaandikwa kwenye diski, na diski haihitaji umeme ili kukumbuka. Kinachosahau ukizima ni yale ambayo hukuyahifadhi.

Shangazi akaleta daftari lake na kikokotoo. Wakajumlisha siku zote tisa. Ripoti ikaizidi droo kwa shilingi mia mbili tu. Kimya kikatanda. Kijana macho chini. Shangazi akakohoa kidogo, akasema, "Hiyo mia mbili nilichukua mimi, ya maandazi."

Nikamgeukia kijana. Mdogo wangu, tarehe hukuiona? Akasema aliiona. Huko nyuma umeme ulipokatika usiku mara moja mbili ilirudi nyuma akaipanga. Ilipoanza kuwa kila siku akaogopa. "Nilijua mama atasema nimeiharibu, atanikata mshahara." Kwa hiyo akawa anabonyeza F1 na kukaa kimya. Huyu ananyamaza kwa woga, yule ananyamaza kwa kuvizia, na mashine pekee ndiyo iliyokuwa inasema kila asubuhi, tena kwa maandishi. Hakuna aliyesoma.

Betri mpya ikawekwa, bei yake haifiki hata sahani ya chipsi mayai. Tarehe ikapangwa, kijana kabaki kazini. Shangazi hakuomba msamaha, wazee wetu unawajua, lakini jioni ile alimwachia funguo za duka akafunge mwenyewe. Kwa upande wangu hiyo ni samahani tosha.

Na wewe mwenye mashine kuukuu, nikuachie mawili matatu. Saa yako ikirudi nyuma kila ukichomoa waya, badilisha kibetri kabla hujamshuku mtu. Hata tovuti nyingi zinaweza kukugomea kwa tarehe mbovu, kwani vyeti vyao vya usalama vina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Ukitaka kuzima ukutani zima, saa itakula betri yake. Tuseme mashine inanyonya wati 2 ikiwa imezimwa, kwa mwaka mzima ni kama uniti 17 na nusu, si mlima lakini si bure. Ila pawasaplai usiifungue hata kama umeichomoa, ndani kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa kukurusha.

Shangazi ameniuliza kama simu nayo ikizimwa inahesabu saa. Nikamwambia inahesabu, shangazi, ila usianze kuivizia!

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo hapa hapa. Wasalaam.